Filamu Nusu, Dawa Nusu

Ukitaka kujua ni nani atakufa katika filamu, ngoja akohoe. Akikohoa mara moja tu, hata kama ni kijana mwenye misuli na mchumba anayemngoja, andaa sanda. Akikohoa kwenye kitambaa kisha akakitazama, huyo hana hata nusu saa. Nilikuwa nimetazama filamu tangu utotoni bila kuligundua jambo hili, mpaka mwaka ule nilipokaa kwenye kochi letu katika mtaa wa Tassia, ghorofa ya tano, nikikohoa kuwashinda wote.

Ninaandika haya kwa ajili yako wewe uliyerudi nyumbani leo na kadi ya kliniki ndani ya mkoba, umeifunika kwa leso isionekane. Sitakufundisha kifua kikuu ni nini. Hiyo ni kazi ya watu wa kliniki, na wanaijua. Nitakueleza jinsi nilivyokaa nacho, upumbavu nilioufanya, na filamu nilizotazama, maana mpaka leo sijui kuvitenganisha vitu hivyo vitatu.

Kilianza na baridi ya Julai. Julai kila mtu anakohoa huku kwetu, kuanzia Tassia mpaka Pipeline, kwa hiyo na mimi nilikohoa nikiwa na wenzangu. Nilikunywa tangawizi na ndimu, nikanywa dawa za chupa, nikaenda kazini kwenye bohari ninakoandika mizigo inayotoka. Kisha sketi zikaanza kunizunguka kiunoni, nikazibana kwa pini. Ngazi nilizokuwa nikizipanda na mtungi wa maji bila kutweta zikanishinda. Nikawa napumzika ghorofa ya tatu, najifanya nasoma ujumbe kwenye simu ili majirani wasijue. Mume wangu Mutiso, ambaye ni dereva wa lori la duka la vifaa vya ujenzi, si mtu wa maneno mengi. Asubuhi moja alishika shuka, akaona limelowa jasho langu, akaniambia leo hatuendi kazini, tunaenda kliniki.

Benchi la kliniki ya kifua liko nje, chini ya mabati, kwa ajili ya hewa. Watu hukaa wakiachiana nafasi na kila mmoja huinamia simu yake asije akamtambua jirani. Siku hiyo niliinua macho nikakutana ana kwa ana na mama mmoja wa kanisani kwetu, mwimbaji wa kwaya. Tulisalimiana kwa macho tu. Mpaka leo hatujawahi kulitaja benchi lile, lakini Jumapili akinipa mkono huushikilia kidogo zaidi ya anavyoshika wa wengine, nami namshukuru.

Nilipewa kikopo nikatema makohozi, tukangoja. Muuguzi aliyetuita alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na wote tulimwita Sista. Aliniambia tukiwa tumesimama mlangoni, mtu akipita katikati yetu na ndoo.

"Mama, ni TB. Inatibika. Dawa ni miezi sita, na usiruke hata siku moja."

Hayo tu. Baadaye nilipotazama filamu za nje niliona madaktari wa huko wanavyomkaribisha mtu kiti, wanamimina maji kwenye glasi, wanatazama dirishani kwanza. Nikasema afadhali Sista. Yale maji kwenye glasi yangeniua kabla ya ugonjwa.

Tuna mtoto mmoja, Mumbua, aliyekuwa na miaka mitano wakati huo. Jioni ile ile Mutiso alimpeleka Kayole kwa mama mkwe wangu, ambaye sote tunamwita Mwaitu, yaani mama. Mwaitu ni mjane wa mchonga vinyago na ana macho ya mtu aliyeishi na mafundi; anajua kazi iliyomalizika na isiyomalizika. Alituma neno moja, kwamba mtoto atarudi siku kadi itakaposema kifua cha mama yake ni safi. Nilipofungua kabati nikaona soksi za Mumbua moja moja, zile ambazo hazijawahi kuwa na pacha, nililia mpaka kikohozi kikanikatiza kilio. Tangu hapo nilitaka kitu kimoja tu duniani, Mumbua arudi alale kitandani pake.

Sista alitaka madirisha yawe wazi mchana kutwa. Letu linatazama nguo zilizoanikwa za ghorofa jirani, kwa hiyo mandhari yangu yalikuwa suruali za watu. Nilimeza dawa, mkojo ukageuka rangi ya maji ya karoti, viungo vikauma, na saa zikakataa kwenda. Ndipo Mutiso akaninunulia flashi kwa mchuuzi mmoja mjini, kubwa, ya kuingia filamu nyingi, akaipeleka kwa Wafula mwenye duka la muvi kule Pipeline ijazwe.

Kwanza ilikuja na zile tulizozizoea, za kupigana, zilizowekewa mtangazaji wetu anayezisimulia kwa Kiswahili cha mtaani huku akimtukana adui. Mutiso anazipenda sana. Mimi ziliniumiza, kwa sababu zilinichekesha, na kucheka kulinipasua mbavu. Baada ya wiki chache za dawa Sista aliniruhusu kutoka, nikavaa barakoa yangu nikamwendea Wafula mwenyewe. Nilimwomba filamu za kimya, za watu wanaokaa tu na maisha yao.

Wafula alinitazama kama aliyeombwa chai isiyo na maji. "Ziko, madam. Lakini hizo za festival hazibambi. Hakuna mtu anapigwa risasi. Na haziishi vile umezoea, nisikudanganye."

Neno hilo la mwisho lishike, maana ndilo lililoniponza.

Basi nikawa mtazamaji wa filamu za mbali. Lugha sikuzijua, nilisoma maandishi ya chini, na kwa kuwa yalikuwa ya Kiingereza cha haraka nilijifunza kutazama nyuso kwanza na maneno baadaye. Ukitazama hivyo, utagundua mwigizaji mbaya ni yule anayeigiza kwa mdomo peke yake. Niligundua pia kwamba watengenezaji wadogo, wale wasio na fedha za kulipua magari, wanajua jikoni kuliko matajiri. Katika filamu za matajiri watu hukaa mezani wakaacha chakula bila kukigusa. Katika hizi mtu anamenya kiazi mpaka kiishe. Mutiso aliniuliza mara moja raha ya kumtazama mzungu akimenya kiazi ni ipi. Nilimwambia mtu anayemenya kiazi ana mpango wa kula, na anayepanga kula hajakata tamaa. Aliguna akaenda kulala.

Lakini vikohozi. Hata hawa wadogo walinivunja moyo. Filamu baada ya filamu, mwenye kukohoa anazikwa. Nikaanza kumsaka mtu mmoja tu, wa nchi yoyote, anayekohoa tangu mwanzo na haendi popote.

Nilimpata. Alikuwa mzee fundi wa miavuli katika mji wa mvua wa huko Asia. Anakohoa katika onyesho la kwanza, anakohoa akishona, anakohoa akigombana na mkewe juu ya samaki. Kila mara nilishika mto nikingoja kitambaa. Hakukitoa. Siku moja mvua inakatika, mzee anafungua mwavuli aliomaliza kuushona, anauzungusha mkononi kuutazama, kioo kikawa cheusi na runinga ikarudi kwenye orodha. Nikapiga makofi peke yangu nyumbani.

Nyingine ilikuwa ya nchi ya theluji. Mama anayefua nguo hotelini amempeleka mwanawe kwa kaka yake wakati wa shida. Filamu nzima anajikusanya ili akamchukue. Anafika, anapanda ngazi, anainua mkono agonge mlango, na hapo hapo kioo kikawa cheusi. Mkono uko hewani. Nikasema huyu aliyeitengeneza ni jasiri, hakutuambia kama mlango ulifunguliwa, ametuachia sisi. Nilimweleza Mutiso filamu hiyo alipokuwa akila, akasema huyo mama angepiga tu hodi wakamaliza maneno. Nilimwona hana elimu ya mambo haya.

Nikawa na msimamo, na nilikuwa nikiutoa kwa yeyote aliyenipigia simu: filamu nzuri haimalizi. Inakuacha katikati, na katikati hapo ni pazuri. Ziko zilizoendelea mpaka orodha ya majina ikapanda, nami nilizidharau kidogo.

Mwezi wa pili wa dawa makohozi yangu yalipimwa tena, yakawa safi. Mwaitu aliitazama kadi, akamleta Mumbua mwenyewe pamoja na ndizi na maziwa. Nilikuwa nimeanza kunenepa, sketi hazikuhitaji pini tena, nilipanda mpaka ghorofa ya tano na pumzi ikabaki. Nilirudi kazini. Nilikuwa mzima.

Kosa langu lilianzia hapo hapo kwenye uzima. Dawa zilinichafua tumbo asubuhi, nikatapika mara mbili njiani kwenda kazini, na wenzangu wakaanza kunong'ona kwamba nina mimba. Mwezi wa nne nilipumzika siku moja. Kisha tatu. Mutiso hutoka alfajiri, na kazi aliyopewa na Sista ya kuniona nikimeza na kuweka alama kwenye kadi alikuwa ameniachia mimi. Niliweka alama. Vidonge niliviweka kwenye mkebe wa kakao, nyuma ya unga. Kwenda kliniki kuchukua vingine nilikwenda bila kukosa, nikampa Sista kadi nzuri sana.

Sitakuambia nilisahau. Nilijua. Nilijiambia mwili umeshasema umepona, kwa nini niufuate mpaka majina yapande? Na ndiyo, yule mama wa mkono hewani nilimfikiria kabisa, nikajiambia kuna mambo hukoma katikati na yakawa yamekamilika. Mtu akitaka kujidanganya hata filamu itamsaidia.

Desemba kikohozi kilirudi. Nilikificha kwenye taulo siku nne. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, na kwetu kilio chenyewe kilikuwa Mumbua. Aliamka na homa ndogo na kikohozi kikavu. Nilimfuata Mutiso aliyekuwa akifunga viatu, nikautoa mkebe nyuma ya unga, nikauweka mezani mbele yake.

Aliufungua akatazama ndani.

"Kadi inasema umemeza," akasema.

"Nilidanganya."

"Nimemlaza mtoto kando yako, Mwende. Kwa mkono wangu."

Hakupaza sauti. Angepaza ningepata pa kushika. Alimbeba mtoto, tukaenda kliniki sote watatu, naye akakaa upande wa pili wa benchi.

Mumbua alipimwa akaonekana hana, ilikuwa mafua ya kawaida. Alipewa dawa ya kumkinga, ya kumeza kila siku. TB yangu mimi ilikuwa imerudi. Sista alinieleza kwamba lazima wapime kama dawa zile bado zinanifaa au kama kifua kimezizoea, na kama kimezizoea safari itakuwa ndefu na ngumu zaidi. Siku za kungoja jibu hilo simtakii adui yangu. Jibu lilipokuja lilikuwa jema, dawa zilikuwa bado zinafaa. Nilingoja Sista anitukane. Alivuta kadi mpya, akaandika jina langu, akaanzia namba moja.

"Zile za kwanza hazihesabiki," alisema. "Tunaanza kidonge cha kwanza."

Mwaitu alikuja kumchukua Mumbua. Nilikuwa nimejitayarisha kuambiwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hakusema. Aliosha vyombo vyangu vyote, akakunja nguo za mtoto, akaketi. Aliniambia kwa Kikamba, taratibu, kwamba Sista anasema baada ya wiki chache mtoto anaweza kurudi bila hatari, naye amemsikia. Lakini yeye kadi yangu haiamini tena, na mtoto atarudi nimemaliza, si nikianza kupata nafuu. Kila asubuhi saa kumi na mbili atanipigia simu ya video anione nikimeza. Ningeweza kubisha. Sikuwa na uso wa kubishia.

Kwa hiyo ulianza mwaka wa pili, jua la Januari, na mimi kila asubuhi nikawa kwenye simu. Siku ya tatu Mumbua alimnyang'anya bibi yake kazi. Alikuwa na kidonge chake mkononi na kikombe cha plastiki, akataka tumeze pamoja. Akanisimamia.

"Fungua mdomo. Inua ulimi. Haya, kule nyuma."

Nilifungua, nikainua. Naye akafungua wake kunionyesha, na mapengo yake mawili mapya ambayo sikuwepo yalipotokea.

Februari nilimwendea Wafula. Zile za kimya zilikuwa zimeniishia, na nilitaka nyingine kama ya yule mzee wa miavuli. Nilimwambia ndiye mtu wa kwanza niliyemwona katika filamu akakohoa na kuishi.

Wafula akaacha alichokuwa akifanya. "Mzee gani? Wa umbrella? Si huyo alidedi, madam."

Nilimwambia hakufa, alifungua mwavuli, filamu ikaisha. Wafula akasema hapo hata nusu haijafika. Akaifungua kwenye kompyuta yake, akaisogeza. Mwavuli ukafunguliwa, ukazungushwa, na mzee akaendelea. Akaweka mwavuli chini, akatoa kitambaa.

Wafula aliomba flashi yangu. Aliichunguza dakika mbili. "Umechezwa. Hii ni fake. Imeandikwa kubwa lakini ndani ni kadogo. Ikijaa, muvi zingine zinaingia nusu nusu na haisemi."

Nilimuuliza ya yule mama wa theluji. Akatafuta. Baada ya mkono kuinuliwa zilikuwa zimebaki dakika arobaini na tatu.

Nilitamani kucheka na nilitamani kumtupia mtu kiti. Falsafa yangu yote ilikuwa flashi mbovu ya barabarani. Nilikuwa nimewasifu majasiri ambao hawakufanya lolote ila kukatwa vichwa na mchuuzi. Nilipokuwa nikirudi na flashi nzuri aliyoniuzia Wafula, filamu zile zikiwemo nzima, kila hatua nilikuwa namwona mzee na kitambaa chake, na nitakuambia kweli, nilipofika ghorofa ya tatu niliketi kwenye ngazi nikaogopa sana. Mtu wangu mmoja alikuwa amekufa.

Nilimtazama akifa mchana huo huo, kwa makusudi. Alikufa vizuri, muziki upo, mke ameshika mkono. Nikagombana na runinga kwa sauti. Nilimuuliza mtengenezaji kliniki ilikuwa wapi. Mji mzima ule wenye treni na hospitali ya ghorofa inayoonekana dirishani, na hakuna hata mtu mmoja aliyemwambia mzee ateme kwenye kikopo? Mkewe alimwonea huruma kwa saa mbili asimburute mkono mara moja. Alikufa kwa sababu mtu alitaka tulie. Mimi hakuna aliyekuwa akitaka kulia huku kwetu. Nilikuwa na Sista mwenye miwani ya uzi, na mtoto wa miaka mitano aliyekuwa akikagua chini ya ulimi wangu. Nikazima, nikapika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, sufuria nzima.

Ile ya theluji sikuifungua. Niliamua dakika zile arobaini na tatu nitazitazama siku nitakayomeza kidonge cha mwisho, si kabla. Niliiweka flashi juu ya kadi, kwenye rafu, mahali mkebe wa kakao ulipokuwa.

Mvua ndefu zilikuwa mbaya. Nguo hazikukauka, maji ya ngazi yalituama, na mwezi ule wa nne, mwezi wangu wa aibu, ulirudi na kichefuchefu chake kile kile. Asubuhi moja nilikaa na vidonge kiganjani nikaona siviwezi. Mumbua hakuniamrisha. Aliuliza tu, polepole, kama na mimi ninahisi ladha ya chuma. Nilimwambia ndiyo. Akasema Mwaitu humpa kipande cha ndizi baadaye. Nikameza, nikatafuta ndizi.

Na Mutiso alirudi kwangu kwa hatua za lori lililobeba mabati, polepole na kwa kelele. Jumamosi moja alipitia Kiamaiko akaja na mifupa ya mbuzi, akaichemsha mwenyewe, akaniwekea bakuli mbele. Jumamosi iliyofuata hivyo hivyo. Ya tatu aliketi kochini, akaniuliza yule anayemenya viazi yuko wapi, tumtazame. Alilala kabla kiazi hakijaisha, kichwa chake kikaangukia begani kwangu, na mimi sikukohoa.

Julai baridi ilirudi na Tassia yote ikakohoa isipokuwa mimi. Nilimeza kidonge cha mwisho mbele ya simu. Mumbua, ambaye dawa yake ilikuwa imekwisha siku nyingi ila hakuacha kazi ya usimamizi, alikagua ulimi kwa muda mrefu kuliko siku zote. Siku chache baadaye Sista alinipa jibu nikiwa nimesimama mlangoni, kama mwanzo. Safi. Alipiga muhuri kadi, akanitazama juu ya miwani, akaniambia hataki kuniona tena.

Tuliitazama ile filamu Jumamosi alasiri, mimi na Mutiso. Mkono ukagonga. Mlango ukafunguliwa papo hapo, hakukuwa na fumbo lolote. Mtoto alikuwa amesimama pale, amerefuka, akamuuliza mama yake anamtaka nani. Dakika zote zilizobaki zilikuwa za hapo na kuendelea. Mtoto hali mezani na mama yake, anachukua sahani yake anakwenda kula kwenye ngazi. Mama habembelezi wala halii. Anachukua sahani yake, anaketi ngazi tatu chini, anakula. Kesho yake ngazi mbili. Hivyo mpaka majina yakapanda, nasi tukayasoma yote, majina ya watu wa theluji tusioweza kuyatamka. Mutiso hakulala. Nilibadilisha msimamo wangu siku hiyo na sioni aibu. Kuinua mkono ni rahisi. Kazi iko baada ya mlango.

Jumapili baada ya kanisa nilisikia viatu vya Mwaitu kwenye ngazi na vingine vidogo mbele yake. Mlango niliuacha wazi. Mumbua akafika, akasimama kizingitini na begi lake mgongoni. Alinitazama kama anayelinganisha. Nilikumbuka kwamba nusu mwaka mzima nilikuwa mtu wa ndani ya simu, na mtu wa ndani ya simu hana miguu.

"Hodi," akasema.

Mtoto wangu, mlangoni petu. Kisu hicho sikukitarajia. Nilitaka kumrukia nimbebe nimwambie hapa kwenu hapapigwi hodi. Nikashika meza.

"Karibu," nikasema, kama kwa mgeni. "Karibu ndani."

Aliingia, akaketi ncha ya kochi. Alikula akiwa amejibanza kwa Mwaitu. Mwaitu alipoondoka, Mumbua alitaka kuondoka naye, akalia. Sikubembeleza sana. Niliketi sakafuni karibu na mlango wa chumba chake, nikamenya viazi.

Siku ya pili, akitoka kucheza kwenye korido, akapiga hodi. Ya tatu pia. Kila mara nilisema karibu. Mutiso alikuwa akinitazama, akaanza kusema karibu pamoja nami. Basi wewe uliye na kadi chini ya leso, ukimaliza dawa zako, na utazimaliza, usishangae ukikuta kuna hizi siku pia. Hazimo kwenye kadi. Zimalize nazo.

Siku ya tisa nilikuwa jikoni, mgongo wangu kwa mlango. Mlango ukasukumwa ukagonga ukuta, ukaachwa wazi, baridi yote ya Tassia ikaingia. Viatu vikatupwa, kimoja huku kimoja kule.

"Mama, kuna nini cha kula?"